Kumrudishia Mwili Mbwa Aliyekondeana: Mwongozo Kamili

Ukimwingiza ndani mbwa aliyebaki ngozi na mifupa, mkono wenyewe unakimbilia sufuria. Uzuie. Mbwa aliyeshinda njaa wiki kadhaa atavumilia njaa ya siku moja zaidi kuliko atakavyovumilia sinia la ugali na mchuzi alilomaliza kwa mkupuo. Wapo wanaookotwa wakiwa bado wanatembea, wakalishwa wakashiba, kisha siku ya tatu au ya nne wakalegea na kufa, na mwenye nyumba akabaki kumshuku jirani kwamba kamtilia sumu. Mara nyingi hakuna sumu. Ni shibe iliyokuja haraka.

Kwa hiyo kazi hii ina awamu mbili zisizofanana. Siku za mwanzo humnenepeshi, unaurudisha tu mwili wake kwenye mazoea ya kupokea chakula. Kunenepesha kunafuata, na hapo ndipo unapoweza kuwa mkarimu. Namwandikia mtu mwenye jiko la kawaida, anayenunua bucha na gengeni, mwenye mizani ya kuazima, na ambaye daktari wa mifugo anapatikana lakini si mlangoni kwake.

Kabla ya kumgusa

Mbwa wa mtaani hujui katoka wapi wala kang'atana na nani. Kichaa cha mbwa bado kipo kwetu, na watu wengi sana wanaokufa nacho duniani wamekipata kwa mbwa. Jihadhari hasa na mbwa aliyekonda, anayetiririka mate, taya limelegea na hawezi kumeza. Huruma itakuambia ana mfupa umemkwama kooni uuchomoe. Usitie mkono mdomoni mwake kabisa. Mfungie mahali, weka watoto mbali, mpigie afisa mifugo.

Ukiwa umeng'atwa, au mate yake yameingia kwenye mchubuko, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Usingoje uone kama mbwa atabadilika, kwa sababu dalili zikishamtokea binadamu hakuna dawa ya kumrudisha.

Ukishajua mbwa ni mtulivu, mtengee pembe yake: pakavu, pasipo upepo, mbali na mbwa na paka wengine. Mbwa aliyekonda hana mafuta ya kumtia joto. Usiku wa Julai kule Nairobi au Arusha unaweza kummaliza kabla ya njaa, na hata Dar mvua ya usiku mmoja inatosha. Magunia mawili makavu juu ya boksi la kadibodi yanatosha kabisa. Mpe pia bakuli lake la chakula na la maji, lisichanganywe na vyombo vya nyumbani. Kwa wengi wetu wa pwani hilo halihitaji kuelezwa, lakini hata kama kwako mbwa si suala la twahara, yaani usafi wa kidini, minyoo yake ni suala la afya.

Amekonda kiasi gani?

Macho yanadanganya, manyoya yanadanganya zaidi. Papasa. Madaktari wa mifugo wanatumia kipimo cha alama 1 hadi 9. Alama 4 na 5 ni mbwa mwenye mwili mzuri: ukimpapasa mbavu unazihisi mara moja bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kinaonekana. Alama 3, mbavu zinaweza kuhesabika kwa macho na nyonga zimeanza kujitokeza. Alama 1, mbavu, uti wa mgongo na nyonga unaviona ukiwa mbali, hakuna mafuta popote, na nyama ya mapajani imekwisha.

Hapa niseme jambo moja: mbwa wetu wa kienyeji kwa asili ni mwembamba. Koko mwenye kiuno, mbavu mbili za mwisho zikionekana anapopumua, macho maangavu na mapaja yenye nyama, huyo hana tatizo. Nimeona watu wakihangaika kumjaza mafuta mbwa mzima wa alama 4 kwa sababu wanamlinganisha na mbwa wa Kizungu wa kwenye kalenda.

Sasa fanya vipimo vitatu ambavyo havihitaji zaidi ya kidole na kipimajoto. Inua mdomo utazame fizi: ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, damu imepungua. Bonyeza ufizi kwa kidole uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Tatu, joto la sehemu ya haja kubwa, ambalo kwa mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi. Likiwa chini ya 37.5, mbwa huyo apashwe joto kwanza kwa blanketi na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye nguo. Tumbo la baridi halisagi chakula.

Aliye na fizi nyeupe, asiyeweza kusimama, anayetapika mfululizo au kuharisha damu, huyo hafai mwongozo wa nyumbani. Apelekwe kwa daktari leo. Usimmiminie uji mdomoni kwa kijiko akiwa amelala, kwani utaingia kwenye mapafu. Walio karibu na vyuo vikuu vya mifugo, kama Kabete kwa Nairobi au Sokoine kwa Morogoro, wana bahati ya kuwa na kliniki yenye maabara. Wengine tuna kliniki za mitaani, na nyingi ni nzuri, ila uliza kabla kama wanatibu mbwa au ng'ombe na kuku tu.

Siku tano za kwanza

Ueleweke kwanza ubaya wa shibe ya ghafla. Mwili ulioshinda na njaa huacha kutegemea sukari, unajila mafuta na misuli yake. Ukimwagiwa wanga kwa ghafla, insulini inapanda, na inapopanda inasukuma fosforasi, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Akiba ya madini hayo ilishakwisha kwa njaa, kwa hiyo damu inabaki tupu. Misuli inalegea, chembe nyekundu zinapasuka, moyo unapiga ovyo, pumzi inakuwa nzito. Madaktari walilijua jambo hili kwa binadamu baada ya Vita Kuu ya Pili, pale mateka waliotoka kambini wakiwa mifupa walipokufa baada ya kulishwa na watu waliowatakia mema.

Ndiyo maana vyakula viwili tunavyovikimbilia sana kwa mgonjwa, uji wenye sukari na glukosi ya unga, ndivyo vibaya zaidi kwa mbwa huyu. Ugali na wali vingoje. Chakula cha siku za mwanzo kiwe cha protini na mafuta ya kiasi: yai, kuku, nyama ya kusaga. Ubaguzi ni mmoja tu. Mtoto wa mbwa aliyelegea ghafla na kuanza kutetemeka sukari yake inaweza kuwa imeshuka, naye apakwe asali au sukari kidogo kwenye fizi huku mkiwa njiani kwenda kwa daktari.

Kiasi kinapigiwa hesabu hivi. Chukua uzito wake wa sasa kwa kilo, zidisha kwa 30, jumlisha 70. Hiyo ndiyo idadi ya kilokalori anazotumia kwa siku akiwa amelala tu. Tuchukue mbwa wa kilo 12 ambaye kwa umbo lake alipaswa kuwa na kilo 17. Mara 30 ni 360, jumlisha 70 ni 430. Siku ya kwanza mpe robo ya hiyo, yaani kama 110. Siku ya pili na ya tatu nusu, kama 215. Siku ya nne robo tatu, kama 320. Siku ya tano 430 zote, kama hajatapika wala kuharisha. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma ukae hapo siku mbili. Kwa mbwa wa alama 1 kabisa, ngazi hii inaweza kunyooshwa hadi siku 10 na hakuna hasara.

Kilokalori 110 ni nini jikoni? Ni yai moja la kuchemsha, ambalo lina kama 70, na kipande cha paja la kuku kisicho na mfupa chenye gramu 20 hivi, chini kidogo ya ukubwa wa kiberiti. Basi. Hiyo ndiyo siku nzima. Viponde pamoja kwa uma, ongeza maji ya uvuguvugu kidogo, ugawe mafungu sita, kila baada ya saa tatu au nne. Kila fungu linakuwa kijiko cha chai kilichojaa. Atalimeza kwa pigo moja la ulimi na kukutazama. Utajiona katili, na kila atakayepita atakwambia hivyo.

Na hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko hesabu: watu wa nyumbani. Mlinzi atamtupia ugali wake wa usiku, dada wa kazi atampa ukoko, watoto watampa biskuti, bibi atasema jamani mbwa atakufa huyu. Waite wote siku ya kwanza uwaeleze sababu, tena kwa maneno ya kutisha kidogo. Bandika karatasi mlangoni kwa jiko yenye saa za kula na nafasi ya kutia alama. Anayetaka kumpenda apewe fungu moja la siku amlishe yeye. Bila hivyo ratiba yako inafia mikononi mwa wema wa watu.

Maji yawepo muda wote, maji matupu. Akiyanywa kwa pupa na kutapika, mpe kidogo kidogo kila nusu saa kwa siku ya kwanza. Soda hapana. Maziwa ya ng'ombe hapana, maana mbwa wengi wazima huharisha wakiyanywa.

Siku hizi tano mtazame asubuhi na jioni. Akilegea kuliko alivyokuja, akitetemeka, akipepesuka, akipumua kwa shida au akikojoa mkojo wa rangi ya kahawa, simamisha chakula umkimbize kliniki. Mwambie daktari kwa ufupi: alikuwa na njaa ya muda mrefu, nilianza kumlisha siku fulani, kiasi fulani. Sentensi hiyo itamwokolea muda, kwa sababu atajua moja kwa moja madini ya kupima na kwamba huenda mbwa anahitaji vitamini B1.

Kuanzia wiki ya pili

Sasa unaweza kupika. Hesabu inabadilika: unamlisha kwa uzito unaotaka afike, siyo alionao. Kilo 17 mara 30 ni 510, jumlisha 70 ni 580. Zidisha kwa moja na nusu upate kama 870 kwa siku. Panda kutoka 430 hadi hapo kwa wiki nzima, usiruke. Milo ipungue kutoka sita hadi minne, na baadaye mitatu.

Sufuria ya siku moja ya kilokalori 870 inakuwa hivi: gramu 200 za mapaja ya kuku yaliyoiva, bila mifupa lakini na ngozi yake, yai moja, gramu 200 za wali uliopoa, ambazo ni kama kikombe kimoja na kidogo, boga la kuchemsha gramu 100, na kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Usitie chumvi wala kiungo. Kuku akiwa ghali, nyama ya kusaga inafaa, na firigisi na moyo vinafaa sana. Maini ni mazuri lakini yawe kidogo, kipande cha gramu 30 mara mbili tatu kwa wiki, kwa sababu yakizidi yanamrundikia vitamini A.

Dagaa ndio siri ya nyumba nyingi zenye mbwa wanaong'aa. Wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo wanaleta protini pamoja na kalsiamu. Dagaa wa Mwanza mara nyingi huja na mchanga wa ufukweni walikoanikwa, kwa hiyo waloweke, waoshe mara mbili tatu, kisha wachemshe na umwage maji ya kwanza kupunguza chumvi. Kiganja kimoja kwenye sufuria kinatosha. Siku usizotumia dagaa, saga maganda ya mayai yaliyokaushwa yawe unga laini, uweke robo ya kijiko cha chai kwa kila gramu 200 za nyama. Nyama tupu bila kalsiamu kwa miezi mingi inalegeza mifupa, na kwa mtoto wa mbwa inaipinda kabisa.

Ukiweza kununua chakula kikavu cha pakiti, chagua cha watoto wa mbwa hata kama wako ni mzima, kwa sababu kina nguvu nyingi kwa ujazo mdogo. Vingi vina kilokalori 350 hadi 400 kwa kila gramu 100. Soma nyuma ya mfuko. Kiloweke kwa maji ya moto hadi kilainike. Kuhama kutoka chakula cha sufuria kwenda cha pakiti kuchukue siku saba, ukiongeza kidogo kila siku. Wengi huchanganya vyote viwili, na hiyo ndiyo njia ninayoiona ya maana zaidi kwa mfuko wa kawaida.

Usiharakishe kwa mafuta. Vikombe vya mafuta ya kula, mafuta ya ng'ombe kutoka bucha, siagi ya karanga kijiko baada ya kijiko: vinamharisha, na kwa baadhi ya mbwa vinawasha kongosho, ugonjwa wa maumivu makali unaoweza kuua.

Pumba, makombo na vitu vya bucha

Mbwa wengi mitaani na mashambani wanalishwa ugali wa pumba. Ni wanga na nyuzi, protini haba, kwa hiyo mbwa anajaa tumbo huku misuli ikiisha. Ubaya mkubwa zaidi ni ukungu. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yanaota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mbwa ini lake ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hii kuliko wanyama wengi, na ndiye anayepelekewa mahindi ambayo binadamu ameyakataa. Mahindi au pumba yenye harufu ya uvundo, yenye rangi ya kijani au iliyoshikana mabonge, itupe kabisa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Makombo ya mchuzi, pilau na biriani yana vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vya kupikwa, na vyote huvunja chembe nyekundu za damu. Mbwa ambaye damu yake imeshaliwa na safura na kupe hana ya kupoteza. Ongeza kwenye orodha ya marufuku chokoleti, zabibu mbichi na kavu, makadamia, na chochote kisicho na sukari chenye kitamu cha zailitoli. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, basi baada ya sikukuu funga vizuri pipa la taka.

Utumbo na mapafu ya bei rahisi kutoka machinjioni ni chakula halali kabisa cha mbwa, kwa sharti moja: vichemshwe hadi viive. Mapafu na maini mabichi ya mbuzi na kondoo yanaweza kuwa na malengelenge ya maji yenye vijidudu vya tegu mdogo sana. Akiyala, tegu anakomaa tumboni mwa mbwa na mayai yake yanamwingia binadamu kupitia mikono na vyombo, yakamletea uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana wamesumbuliwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi, na Umasaini haujasalimika. Nusu saa ya kuchemka inakata mnyororo huo.

Minyoo, kupe na ngozi

Kumlisha mbwa mwenye safura ni kuwalisha safura. Wananyonya damu ya utumbo, kinyesi kinakuwa cheusi na chenye kunata, fizi zinapauka. Minyoo ya mviringo inawavimbisha matumbo watoto wa mbwa huku migongo yao ikiwa wembe. Tegu unamjua kwa vipande vyeupe vya mfano wa punje za mchele kwenye manyoya ya mkia, na huyo analetwa na viroboto, kwa hiyo ukitibu tegu ukaacha viroboto atarudi mwezi ujao.

Dawa ya minyoo ipigiwe hesabu kwa uzito wa mizani. Mbwa aliye hoi huachwa siku chache atulie na chakula kwanza, isipokuwa daktari akiona safura ndiyo inayommaliza. Irudiwe baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu dozi ya kwanza haiui wote walio njiani kukua. Naomba sana uachane na mtindo wa kuchukua sindano ya aivamektini ya ng'ombe kwenye duka la dawa za mifugo na kukisia. Imetengenezwa kwa mnyama wa kilo 300, na kosa la tone kwa mbwa wa kilo 12 ni kosa kubwa. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe: ngozi yenye vidonda inaifyonza moja kwa moja. Kupe wa mwanzo watoe kwa koleo dogo ukivuta karibu na ngozi, na ukague ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kupe wa kahawia wa mbwa wanajificha pia kwenye nyufa za ukuta na mbao za banda, kwa hiyo usafi wa banda ni sehemu ya tiba.

Kupe huyohuyo ndiye anayemwachia mbwa ugonjwa wa ehrlichia: homa, kukonda, kutokwa damu puani, fizi nyeupe. Unatibika kwa doksisaiklini, kwa kawaida wiki nne, na watu wengi huacha wiki ya pili mbwa akichangamka. Maliza dozi. Babesia nayo inaletwa na kupe, mkojo unakuwa mweusi, na dawa yake ni nyingine kabisa, ndiyo maana kipimo cha damu ni bora kuliko kubahatisha. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac za kabatini kwako usimpe kamwe.

Mizani

Panda mizani peke yako, kisha ukiwa umembeba, toa tofauti. Mara moja kwa wiki, siku ileile, kabla hajala. Mbwa wetu wa mfano akiongeza kati ya gramu 200 na 500 kwa wiki, anakwenda vizuri, na miezi miwili na nusu hadi sita itamfikisha. Siku za mwanzo mizani inaweza kuruka kwa sababu ya maji tu, usishangilie. Piga picha kutoka juu na kutoka ubavuni kila wiki mahali palepale, kwa kuwa jicho la kila siku halioni mabadiliko.

Mafuta yatarudi kabla ya misuli. Ukiona tumbo limejaa lakini mapaja bado mabua, usiongeze chakula, ongeza mwendo: dakika 10 za kutembea polepole asubuhi na jioni, kisha 20, kisha kilima kidogo. Usimkimbize hadi afikie alama 3.

Anapokula, mwache. Mbwa aliyewahi kugombania jalala ataung'ata mkono wowote unaosogelea bakuli, hata wa mtoto anayempenda. Hatabadilika kwa kupigwa, atabadilika kwa kuona wiki nyingi mfululizo kwamba chakula kinakuja saa ileile na hakuna anayekinyang'anya. Kama anameza bila kutafuna, tandaza chakula kwenye sinia pana badala ya bakuli.

Anakula vizuri na mwili haurudi

Wiki tatu zikipita bila mizani kusogea, na una hakika anakula kiasi ulichopanga, tatizo halipo tena jikoni. Mtazame anavyokula. Anayemeza kisha dakika chache baadaye anarudisha chakula kizima ambacho hakijasagika anaweza kuwa na minyoo ya umio, spirocerca, ambayo mbwa huipata kwa kula mende wa mavi na ambayo Kenya inafahamika vizuri kwa madaktari. Dawa ya kawaida ya minyoo haiwagusi. Anayekula kama moto na kutoa kinyesi kingi, cha mafuta, chenye harufu kali, kongosho lake linaweza kuwa halitoi vimeng'enyo. Anayekunywa maji ndoo na kukojoa sana apimwe figo na sukari. Anayesogelea bakuli kwa hamu kisha akaacha, mfungue mdomo: mara nyingi ni jino lililovunjika. Tumbo lililovimba maji juu ya mgongo mkavu ni la daktari, moja kwa moja. Peleka kinyesi kibichi cha asubuhi kwenye kichupa safi, pamoja na karatasi yako ya uzito wa kila wiki.

Akishafika

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiicheleweshe sana; muulize daktari siku ya kwanza lini mwili wake utaistahimili, na kampeni za chanjo za halmashauri zikipita mtaani mpeleke. Kumhasi kunaweza kungoja hadi afike alama 4, maana dawa ya usingizi kwa mbwa aliyekonda ni hatari isiyo ya lazima.

Kwa kuwa tulimlisha kwa uzito wa lengo, atapunguza mwendo mwenyewe akikaribia kilo 17. Akisimama kabla ya kufika, ongeza chakula kwa sehemu moja ya kumi na usubiri wiki mbili. Akivuka na mbavu zikaanza kupotea kidoleni, punguza kwa kiasi hichohicho. Baada ya kuhasiwa mahitaji yake yanashuka kwa karibu robo huku hamu ya kula ikipanda, kwa hiyo siku nyuzi zinapotolewa ndiyo siku ya kubadilisha ile karatasi ya mlangoni kwa jiko: milo miwili kwa siku, wali nusu ya awali, mafuta hakuna.